Ramu Sebuleni kwa Mama

Kwenye mazishi ya mjomba Righa, kule kwetu milimani Mghange, kila aliyepewa nafasi ya kusema machache alisimulia hadithi ile ile. Binamu yangu Mnjama ndiye aliyeisimulia kwa mbwembwe zaidi: jinsi mjomba alivyowanywesha wakwe ramu wakidhani ni juisi, jinsi ndimi zilivyolegea, jinsi siri ilivyotoka, na jinsi Wakio alivyookolewa asiolewe na mtu mwenye mtoto Taveta. "Na Wakio mwenyewe yule pale!" akasema, akininyooshea kipaza sauti, na hema zima likageuka kunitazama. Watu walicheka, kwa sababu ni hadithi ya kuchekesha ukiwa hukuwemo. Manyunyu ya milimani yalikuwa yakipiga turubai, nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki na leso mkononi, nikimlilia mjomba wangu kwa dhati na kukasirika kwa dhati. Zaidi ya miaka ishirini nimeisikia hadithi hiyo kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye sherehe ya kustaafu kwa mtu ambaye hata simjui vizuri. Kila mara kuna mtu aliyeniokoa, na kila mara mimi ni mzigo unaopakuliwa kutoka gari moja kuwekwa jingine. Kwa hiyo acha niusimulie huo mwaka mwenyewe, na nianze na jambo ambalo Mnjama hulisahau kila mara: mjomba Righa alilala chumbani kwangu mwaka mzima, nami nikalala kwenye kochi.

Alikuja kwa wiki mbili. Hivyo ndivyo alivyosema, akisimama mlangoni na sanduku la bati, ametoka kufanya kazi ya kuhudumia baa kwenye meli za watalii, na meli zenyewe zimemaliza mkataba naye. Mimi na Mama tulikuwa tukiishi Voi, nyuma ya reli, kwenye nyumba yenye sebule, vyumba viwili vya kulala na jiko ambalo watu wawili hawangeweza kupishana bila mmoja kuomba radhi. Mambo ya baba na ndugu zangu nitayaacha, hayasaidii hapa. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la dawa mjini, na jioni ya kwanza niliporudi kutoka kazini nilikuta nguo zangu zimehamishiwa kwenye kikapu cha nguo chafu, na juu ya meza yangu ya kioo kuna kopo la chuma linalong'aa, lenye mfuniko, limefungwa ndani ya soksi. "Usiliguse," mjomba akaniambia. "Hilo ni la kazi." Kazi gani, sikuuliza. Ningeuliza, labda ningejiandaa.

Voi ina joto la kumfanya mtu achukie hata sauti ya redio. Alasiri bati za nyumba hulia zikitanuka, na upepo unaopita dirishani ni wa moto kama umetoka mdomoni mwa mtu mgonjwa. Mjomba aliliona joto hilo kama mwito. Alituambia kwamba joto la namna hii, kule baharini, watu hulilipia nauli kulifuata, kisha hukaa kivulini wakaletewa glasi yenye barafu, na kwamba sisi tulikuwa na nusu ya mambo tayari. Nusu nyingine aliileta yeye. Ndimu aliagiza Taveta kwa mama mmoja muuza ndizi. Minti ilitoka Mghange kwenye lori la mboga, imefungwa kwenye gazeti lililolowa. Ramu sijui aliitoa wapi, ila chupa ilikaa chini ya kitanda changu, kwa amri ya Mama, aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani na hakutaka chupa hiyo ionekane hata na paka. Mama aliweka masharti: pazia lishushwe, Jumapili asiguse kitu, na asiuze hata tone. Hilo la kuuza lilimuudhi mjomba kweli. "Dada, mgeni wa nyumbani hauziwi," akasema, kana kwamba nyumba ni yake.

Ndipo shida ya barafu ikaanza. Tulikuwa na friji ndogo, na sehemu yake ya kugandisha ilitosha nyama ya Jumapili na hakuna zaidi. Mjomba aliitoa nyama. Alijaza vibakuli vya maji, na maji ya mfereji wa Voi yana chumvi, kwa hiyo barafu ya kwanza ilikuwa na ladha ya machozi, akaimwaga yote kwenye mchicha. Baada ya hapo akawa anakinga maji ya mvua, mvua ikinyesha, au anamsumbua jirani yetu mwalimu mwenye tangi, kisha anayachemsha mara mbili ili barafu itoke nyeupe bila mawingu ndani. Sufuria zote zikawa na maji ya kupoa. Ukitaka kupika ugali unakuta sufuria kubwa imefunikwa kwa sahani na juu yake karatasi: "Barafu ya kesho." Siku moja nilirudi nikakuta anavunja barafu kwa mchi, ameifunga ndani ya taulo langu la kuogea. Nilipiga kelele mpaka mwalimu akachungulia juu ya ukuta. "Lina uzi mzuri," mjomba akanijibu, bila kuacha kupiga. "Halivuji."

Na bado, lazima niseme, vinywaji vyake vilikuwa vizuri. Sipendi kulisema. Alikuwa akinisimamisha pale jikoni, mimi nimetoka kusimama siku nzima nyuma ya kaunta, na kunifundisha bila kuombwa. Ndimu haikatwi kabla ya kukandwa mezani kwa kiganja mpaka ilegee. Minti haipondwi kama kitunguu saumu, inabonyezwa tu, na ikitoa harufu unaiacha, la sivyo inakuwa chungu. Sukari haiyeyuki kwenye baridi, kwa hiyo unaichemsha kwanza na maji kidogo, unaipoza, unaiweka kwenye chupa. Kisha ramu, kisha barafu, kisha soda nyeupe juu, pole pole, ukiinamisha glasi. Alikuwa na nyingine ya ukwaju uliolowekwa, tangawizi na sukari nguru, ambayo aliitunga mwenyewe hapo kwetu, na ya tatu ya dafu na nanasi. Yeye mwenyewe hakunywa. Alikuwa akichovya mrija, akiziba juu kwa kidole, akidondosha tone moja ulimini, akifumba macho. "Ndimu imezidi," au "Imekubali," basi. Alisema anayehudumia baa akianza kunywa, kazi imekwisha. Jumamosi alasiri walikuja mwalimu, nesi wa nyumba ya tatu na wafanyakazi wawili wa reli, wakakaa kwenye makochi yenye vitambaa alivyofuma Mama, pazia limeshushwa, na Mama akapitapita akijifanya anatafuta miwani. Mwishowe akawa anakaa. "Nipe ile ya waliookoka," alikuwa akisema, na mjomba akamtengenezea ile ile bila ramu, kwa uangalifu ule ule, akaipamba kwa jani la minti.

Mwaka huo huo nilikuwa na mchumba. Aliitwa Barasa, mtoto wa Mzee Wekesa, aliyekuwa amekuja Voi zamani kufanya kazi ya reli na akabaki. Barasa alikuwa mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa pua, na kila Ijumaa alinisubiri nje ya duka la dawa na mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwenye majani yake. Nilimpenda. Hilo nalo Mnjama hulisahau. Mzee Wekesa alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyegusa pombe, ambaye hata dawa ya kikohozi aliniletea kaunta kwanza nimsomee kama ina kileo. Walipotuma habari kwamba watakuja kujitambulisha, nilidhani Mama atampeleka mjomba Mghange kwa wikendi hiyo. Lakini haingewezekana. Kwetu msichana haposwi bila mjomba wake kuwepo, na mjomba niliyekuwa naye alikuwa huyo mmoja. "Nitakuwa na adabu," akaniahidi. Kisha akaenda kutafuta ndimu.

Siku yenyewe joto lilikuwa la kutisha. Mama alipika pilau na kuku, na kimanga, ile mihogo ya kuponda na maharagwe, kwa ajili ya wazee wetu walioshuka kutoka milimani, ambao kabla hata ya kukaa walimuuliza mjomba kwa sauti ya chini kama kuna "ile kitu." Kwa hiyo kulikuwa na majagi mawili jikoni. La plastiki ya kijani lilikuwa la wageni, ndimu na minti na sukari tu. La kioo lilikuwa na ramu, la wazee wetu, watakaolinywea uani wakati mambo yamekwisha. Nililiona mwenyewe limefunikwa kwa kitambaa, nikamwambia mjomba, "Ole wako." Kisha nikaingia chumbani, maana mwenye kuposwa hakai na wageni mpaka aitwe, nikakaa kwenye kitanda changu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nikasikiliza kupitia pazia la mlango.

Nilisikia maombi. Nilisikia wakisifu nyumba. Nilisikia glasi zikigongana na sinia, na sauti ya dada yake Mzee Wekesa, ambaye Barasa alimwita Senje, yaani shangazi. Senje Rosa alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuongozea kwaya. "Hii juisi imetengenezwa na nani?" akauliza. "Mimi sijawahi! Niongezeeni." Akaongezewa. Mazungumzo yakaenda mbele, yakaenda vizuri, watu wakacheka zaidi ya nilivyotegemea, na mimi mle ndani nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Senje akaomba tena. Kisha nikamsikia akisema, kwa furaha kabisa, bila ubaya wowote, "Jamani mimi leo nina amani. Huyu ni msichana wa kazi, msichana wa nidhamu. Si kama yule wa Taveta aliyetuzalia tu mtoto na kutuachia maneno. Ingawa mtoto mwenyewe mzuri! Anatembea sasa, anafanana na Barasa masikio."

Feni ya sebuleni iliendelea kulalamika.

"Rosa," Mzee Wekesa akasema.

"Kwani hawajui?" Senje akauliza.

Nikatoka. Sikuitwa, nilitoka tu, nikasimama kwenye pazia. Barasa alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa nimefungua mdomo niulize swali moja, swali langu, lakini Mzee Wekesa alikuwa ameinua glasi puani. "Hii ni pombe," akasema kwa sauti kubwa. "Mmetunywesha pombe!" Na papo hapo habari ya mtoto ikafa, ikazaliwa habari ya ramu. Watu wote walisimama. Senje akaanza kulia. Wazee wetu wakaapa kwamba wao hawajui lolote, huku wakilitazama jagi la kioo kwa huzuni, pale mezani mbele ya Senje, limebaki robo. Mama aliziba uso kwa kanga. Mjomba Righa akainuka, akavuta shati lake, akasema, "Mzee, ni yangu. Nimeitengeneza mimi." Wageni wakaondoka bila kuonja pilau, na kuku wale tuliwala siku mbili bila hamu.

Jumatatu Barasa alikuja duka la dawa. Hakukuwa na mteja, ila mjomba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje na sanduku lake la bati. Mama alikuwa amemwambia mbele ya akina mama wote wa kanisa kwamba hataki kumwona tena nyumbani kwake, na mjomba alikuwa amepita kuniaga kabla ya kupanda Mghange. Sikuwa nimemsemesha. Barasa alisimama mbele ya wavu wa kaunta akanyoosha vidole ndani, nami nikavitazama.

"Wakio, nilikuwa nitakuambia."

"Lini?"

Alifikiri. Namshukuru kwamba alifikiri, hakunidanganya. "Baada ya harusi," akasema.

Ningeweza kumkubali yule mtoto. Nilikuwa nimeliwaza usiku mzima kule kwenye kochi, na nilikuwa nimekwisha kujiona nikimnunulia viatu. Kama angesema "kesho," au "niliogopa," leo ningekuwa mke wake, ramu au bila ramu. Lakini baada ya harusi. Nifungiwe ndani kwanza, ndipo nielezwe nyumba ina nini. "Basi, Barasa," nikamwambia, "mimi sitaki tena. Waambie kwenu nimesema mimi." Aliondoka akifuta pua. Mjomba akaja pale pale alipokuwa amesimama, akaniangalia kupitia wavu. "Umejibu vizuri," akasema, akachukua sanduku lake, akaenda kwenye lori la mboga. Barasa baadaye alimwoa yule wa Taveta, na nasikia wana wajukuu. Mimi pia niliolewa, na mtu mwingine, lakini hayo si ya mwaka ule.

Sasa nirudi Mghange, kwenye mazishi. Baada ya watu kula na kutawanyika, nilikaa na Mama ndani ya nyumba ya mjomba. Ana miaka themanini na kitu, masikio yanachagua cha kusikia. Nje dirishani minti ilikuwa imetambaa mpaka njiani, maana hakuna aliyekuwa akiikata tangu mjomba augue. Nikamwambia Mama nimechoka, kwamba Mnjama akisimulia tena hadithi ile nitamnyang'anya kipaza sauti. Mama alikuwa anakunja leso.

"Si Righa aliyemimina," akasema.

"Nini?"

"Ni mimi. Nilisikia habari za Taveta kanisani, kila mtu akininong'onezea na hakuna aliyetaka kuzisema mbele za watu. Righa alikuwa ameketi sebuleni na wageni. Nikaona majagi mawili. Nikasema, yule mama wa kwaya akipata kidogo, atasema. Nikamimina lile la kioo, nikalipeleka mezani."

Nilisimama. Nikaketi. "Mama, ulimfukuza! Mbele ya kanisa zima!"

"Tulikubaliana. Nilitaka kwenda kwa mchungaji nikiri. Akanikataza. Akaniambia, 'Dada, wewe una kanisa la kupoteza. Mimi sina.'" Akaikunjua leso, akaanza kuikunja upya. "Lakini nilikuokoa."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimweleza yote, kaunta, wavu, baada ya harusi. Nilimwambia kwamba hakuna aliyeniokoa, si ramu, si mjomba, si yeye, kwamba nilikataa mwenyewe kwa mdomo wangu saa nne asubuhi nikiwa na koti jeupe la kazi, na kama Barasa angenijibu vingine wangelazimika kupika kuku wa posa mara ya pili. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hajalifanya mara nyingi.

"Kwa hiyo tulimkosea Mzee Wekesa bure," akasema.

Juma lililofuata akanilazimisha nimpeleke kwake. Mzee Wekesa bado yuko Voi, nyumba ile ile karibu na stesheni, peke yake sasa, maana Senje Rosa alishafariki. Tulimkuta barazani kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini katika joto lile. Mama alikataa kuketi. Alisimama mbele yake ameshika mkoba kwa mikono miwili, akakiri kila kitu kama anasoma somo la kanisani, jikoni, majagi, sinia, akamwomba msamaha kwa kumnywesha pombe mtu ambaye hakuwahi kuigusa.

Mzee alisugua blanketi.

"Glasi ya kwanza sikujua," akasema.

Mama akasubiri.

"Ya pili nilijua. Nilimnyooshea glasi yule kijana wenu, huyo ndugu yako. Akaniuliza polepole, 'Mzee, una hakika?' Nikamwambia amimine." Akakohoa. "Kulikuwa na joto."

"Mzee Wekesa!" Mama akasema. Sijawahi kusikia jina likitamkwa kwa ukali namna hiyo. "Na ukapiga kelele vile!"

"Rosa alikuwa ameharibu mambo. Ningefanyaje?" Kisha akaniuliza mimi, si Mama, "Huyo kijana yuko wapi siku hizi? Nilikuwa nikimwona soko la Voi anashusha mboga, napita upande wa pili. Nilidhani siku moja atanisema."

Nikamwambia tumemzika. Akasema pole, akavua kofia, akaiweka magotini juu ya blanketi.

Njiani kurudi Mama alinung'unika mpaka tukafika nyumbani: mzee mzima, mzee wa kanisa, kanidanganya miaka yote hiyo! Kana kwamba yeye ndiye aliyenyweshwa. Mimi nilikuwa nikimfikiria mjomba Righa, aliyejua la Mama, akajua la Mzee, akajua na langu, akakaa mlimani na minti yake akiwaacha watu wamcheke kwenye kila harusi, nami nikiwa nimenuna kwenye kona. Nilitamani afufuke kwa nusu saa tu, nimgombeze.